Kutafuta kazi NGO ukiwa Moshi au Arusha: anza na ufundi, barua itafuata

Mwaka juzi ofisi yetu hapa Moshi ilitangaza nafasi moja ya afisa wa uwandani, mkataba wa miezi kumi na minane. Zikaja barua zaidi ya mia mbili. Mimi ndiye niliyepewa kuzichambua mwanzo, na kabla chai ya saa nne haijaletwa tayari nilikuwa na mafungu mawili mezani. Fungu kubwa lilikuwa limeziba nusu ya dirisha, na karibu kila barua iliyokuwemo ilibeba sentensi ile ile: "Nina shauku kubwa ya kuitumikia jamii." Fungu dogo lilikuwa na barua kumi na moja. Hao kumi na moja hawakuwazidi wenzao vyeti. Walikuwa wamesema wanajua kufanya nini, walikifanyia wapi, na nani alikuwepo akaona.

Mwongozo huu namwandikia mtu aliye kwenye fungu kubwa. Namfahamu vizuri, maana nilikaa humo miaka minne.

Hatua ya kwanza: jua mshahara wa NGO unatoka wapi

Shirika lisilo la kiserikali halina duka. Linaandika andiko la mradi, mfadhili analipitia, na pesa inakuja ikiwa imefungwa kwa kamba tatu: kazi fulani, eneo fulani, muda fulani. Muda wenyewe ni miaka miwili, mitatu, ikizidi sana mitano. Mshahara wako ni mstari mmoja kwenye bajeti hiyo. Mradi ukifungwa, mstari umefutwa, hata kama ulikuwa unalala ofisini.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90. Ilipofika 1 Julai mwaka huo huo, USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilikuwa imeacha kutoa misaada, na kilichobaki kimehamishiwa wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Watu waliozoea kusema "nipo USAID" kama vile ni ajira ya serikali walijikuta wanarudisha laptopu na vitambulisho ndani ya wiki chache. Walioinuka upesi, kwa niliowaona mimi, ni wale waliokuwa na ufundi unaotambulika nje ya mradi ule: anayejua kutunza hesabu za mfadhili, anayejua kusafisha data, anayejua kuendesha kikundi cha kuweka na kukopa mpaka kikasimama chenyewe.

Kwa hiyo ukiniambia lengo lako ni "kupata kazi shirika fulani", nitakuambia futa. Hilo shirika linaweza kuwa halina pesa mwakani. Andika ufundi unaoutaka, ule utakaohama nao kutoka mradi huu kwenda ule.

Hatua ya pili: jua soko lako ni lipi

Moshi na Arusha ni kilometa 80 hivi tu, lakini si soko moja.

Arusha vijana wengi macho yako AICC (kituo cha mikutano ya kimataifa), makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu. Sawa, lakini hizo si NGO. AICC ni ya serikali ya Tanzania, hizo nyingine ni taasisi za nchi kadhaa; zina taratibu zao za ajira, na kwenye Jumuiya nafasi hugawanywa kwa kuangalia uwiano wa nchi wanachama. Usizichanganye kwenye mpango mmoja. NGO za Arusha nyingi zinazunguka mifugo, ardhi, wanyamapori, maji na elimu ya wasichana, na kazi yenyewe haiko mjini, iko Longido, Monduli, Ngorongoro, na ng'ambo kule Simanjiro. Mashirika kama PINGO's Forum, Ujamaa Community Resource Team na Pastoral Women's Council yamejengwa juu ya mambo ya wafugaji. Ukijua Kimaasai, hata cha kuombea maji, kiandike kwenye CV. Nimeona watu wakikificha wakidhani ni ushamba.

Moshi ni habari nyingine. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa 1971, na imevuta nyuma yake utafiti na miradi ya afya kwa miongo. KIWAKKUKI, kikundi cha wanawake wa Kilimanjaro waliojipanga dhidi ya UKIMWI, kilianza 1990. KWIECO inashughulika na haki za wanawake. Halafu kuna Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT na Jimbo Katoliki la Moshi, ambao shule zao, hospitali zao na miradi yao inaajiri watu wengi kuliko vijana wanavyodhani, na matangazo yao mara nyingi yanasomwa kanisani kabla hayajafika mtandaoni. Na kuna ushirika wa kahawa, na Chuo Kikuu cha Ushirika pale Sokoine Road. Hivyo navyo si NGO, lakini aliyesoma ushirika anahitajika sana kwenye miradi ya wakulima.

Fanya hivi wiki hii: nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako. Mashirika haya yanaendeshwa chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, na maafisa maendeleo ya jamii wa mkoa na wilaya ndio wasajili wasaidizi. Maana yake kuna mtu anayejua nani anafanya kazi kata gani. Ingia kwa adabu, salimia, sema wewe ni kijana wa kata fulani, umemaliza chuo fulani, unaomba kujua mashirika yanayofanya kazi ya, tuseme, lishe. Usiombe kazi. Omba majina. Mara nyingi utatoka na majina matano na nasaha mbili za bure.

Hatua ya tatu: daftari

Nunua daftari, hata la shilingi elfu moja. Simu haifai kwa hili, utafungua WhatsApp.

Ukurasa wa kwanza uache wazi, tutaurudia mwisho. Wa pili uandike kila kitu ulichowahi kufanya ambacho mtu mwingine alikitegemea. Kila kitu. Katibu wa kikoba. Kuhesabu sadaka. Kusimamia wapagazi wa mjomba wako mlimani. Kufundisha watoto wa jirani hesabu. Fildi ya wiki nane ambayo unaidharau. Dada mmoja alikuja ofisini kwangu akasema hana uzoefu wowote. Tukakaa naye dakika ishirini, ikatoka kwamba kwa miaka mitatu alikuwa mtunza hazina wa kikundi cha kina mama huko Uru: wanachama ishirini na wanane, hisa kila Jumatano, mgawo kila Desemba, na hakuna hata mwaka mmoja sanduku lilipungua. Kwenye CV yake alikuwa ameandika hivi:

"Mwanachama wa kikundi cha wanawake."

Tukaandika upya:

"Mtunza hazina, kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake 28, Uru, miaka mitatu. Nilitunza daftari la hisa na mikopo kila wiki, nilisoma hesabu mbele ya wanachama kila mwezi, na nilisimamia mgawo wa mwisho wa mwaka mara tatu bila upungufu."

Hakuna uongo ulioongezwa. Ni kazi ile ile, ila sasa msomaji anaiona. Fanya hivyo kwa kila mstari wa ukurasa wa pili: ulifanya nini, kwa watu wangapi, kwa muda gani, nini kilibaki baada yako. Ukikosa namba usiibuni, andika kilichotokea.

Hatua ya nne: lengo liingie kwenye sentensi moja

Sasa ukurasa wa tatu. Lengo ninalolikubali mimi lina vipande vitatu: ufundi gani, kwa watu gani au tatizo gani, na ifikapo lini uweze nini. "Nataka kusaidia watoto" halina hata kimoja. Linganisha na hili: "Ifikapo Desemba mwakani niwe naweza kukusanya na kusafisha data za mradi wa lishe ya watoto chini ya miaka mitano vijijini, na niwe nimefanya hivyo angalau kwenye mradi mmoja." Hilo unaweza kulipima. Unaweza pia kulionyesha kwa mtu naye akakuambia nani wa kuongea naye.

Chini ya sentensi hiyo weka pesa. Watu wa kwetu tunaona aibu kuandika pesa kwenye lengo la kazi ya jamii, halafu mwezi wa tatu tunakimbia kazi kwa sababu nauli imetushinda. Piga hesabu kwa mshahara unaofika mkononi. Tuseme umepewa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 na una mkopo wa bodi. Mchango wako wa pensheni, NSSF, ni asilimia 10, yaani 80,000. Inabaki 720,000 inayokatwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi yake ni 60,000. Bodi ya mikopo inachukua asilimia 15 ya msingi, 120,000. Mkononi unashika 540,000. Kutoka hapo toa chumba, chakula, nauli ya kila siku, na kile unachotuma nyumbani. Kama unaishi Usa River na ofisi iko Njiro, hesabu vifodi viwili kwenda na viwili kurudi. Namba inayobaki ndiyo itakayokusaidia siku ya usaili watakapouliza unatarajia mshahara gani.

Hatua ya tano: jaza pengo moja, usijaze kumi

Chukua matangazo matano ya kazi inayofanana na lengo lako, hata yaliyokwisha muda. Pigia mstari kila sifa inayojirudia. Zile zinazotokea kwenye matangazo matatu au zaidi na wewe huna, ndizo mapengo yako. Chagua moja tu kwa miezi sita.

Ninavyoona mimi, mapengo haya ndiyo yanayowaangusha vijana wa huku mara nyingi:

Excel ya kweli. Si ya kupaka rangi vichwa vya majedwali. Jua kuchuja, kujumlisha kwa masharti, kutengeneza jedwali la muhtasari, kugundua jina lililoingizwa mara mbili.

Kukusanya data kwa simu. KoboToolbox ni ya bure; fungua akaunti leo, tengeneza dodoso la maswali kumi kuhusu maji ya bomba mtaani kwako, uwahoji majirani kumi na watano kwa ridhaa yao, kisha tengeneza ukurasa mmoja wa matokeo. Tayari una kitu cha kumwonyesha mtu.

Leseni ya pikipiki, daraja A. Usicheke. Kazi nyingi za uwandani zinahitaji mtu atakayepanda mwenyewe kwenda kijijini. Wasichana wachache sana wanayo, na kwenye fungu langu dogo aliyekuwa nayo alisogea mbele mara moja.

Kuandika taarifa kwa Kiingereza kilichonyooka. Mkutano utaufanya kwa Kiswahili, au Kichaga, au Kimaasai, lakini mfadhili anasoma Kiingereza. Jizoeze kila wiki: hudhuria mkutano wowote, hata wa mtaa, uuandike nusu ukurasa, umpe anayejua zaidi asahihishe.

Kama unahitaji chuo, huku hatuna njaa ya vyuo: Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, Chuo cha Uhasibu Arusha pale Njiro, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na kituo cha MS TCDC huko Usa River ambacho kinafundisha watu wa asasi za kiraia. Ila naomba usigeuze kozi kuwa maficho. Nimekutana na kijana mwenye vyeti tisa vya mafunzo ya siku mbilimbili ambaye hajawahi kuitisha mkutano hata mmoja.

Hatua ya sita: jitolee kwa maandishi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipopotezea karibu mwaka.

Nilijitolea miezi kumi na moja kwenye kituo kimoja cha watoto. Jina nalihifadhi. Nilifundisha asubuhi, nilipokea wageni wa kujitolea kutoka Ulaya mchana, niliwatafsiria, niliwapeleka sokoni, na usiku niliandika taarifa ambazo mkurugenzi alizituma kwa jina lake. Alikuwa ananiambia, "Mwanangu, nafasi ikitoka ni yako." Siku moja mkurugenzi akaondoka. Aliyekuja akafungua faili, akatafuta, akaniambia kwa upole kabisa kwamba haoni popote nilipoandikwa. Sikuwa na barua, sikuwa na tarehe ya kuanza, sikuwa hata na picha niliyo na kalamu mkononi. Miezi kumi na moja ikaingia kwenye CV kama hadithi.

Kwa hiyo kabla hujaanza, omba karatasi moja yenye haya: unaanza lini na unaishia lini, siku ngapi kwa wiki, kazi zako ni zipi, nani anakusimamia, nauli inalipwa au hailipwi, na ukimaliza utapewa barua. Isizidi miezi mitatu hadi sita. Shirika makini halikasiriki ukiomba hivyo. Likikasirika, umepata jibu lako mapema.

Na uchague kazi ya kujitolea inayogusa lengo la ukurasa wa tatu. Kama lengo lako ni data, kupanga viti vya wageni hakukusogezi. Sema waziwazi: "Naomba siku moja kwa wiki niwe na mtu wa ufuatiliaji na tathmini." Watu wa idara hiyo huwa wamezidiwa na madodoso, ukijitolea kuingiza data watakukumbatia.

Hapa pia ndipo koneksheni inapozaliwa. Tunalalamika kwamba kazi za NGO zinaenda kwa wanaojuana, na kuna ukweli. Lakini kuna kujuana kwa mjomba na kuna kujuana kwa kazi. Mratibu aliyekuona ukirudi kijijini mara ya pili kwenye mvua kwa sababu dodoso tatu hazikukamilika, huyo atakukumbuka tangazo likitoka, na wala hutahitaji kumpelekea ndizi.

Hatua ya saba: chuja matangazo

Matangazo utayapata kwenye tovuti za mashirika yenyewe, LinkedIn, mbao za halmashauri na magrupu ya WhatsApp. Hayo ya mwisho yachukulie kama harufu tu ya chakula, ukale jikoni: nenda kwenye tovuti ya shirika uone kama tangazo lipo kweli. Mfumo wa Msajili wa NGO upo mtandaoni. Angalia kama shirika limesajiliwa. Ukiwa Moshi au Arusha una faida ambayo aliye mbali hana: unaweza kupita ofisini kwao ukaona kama kuna ofisi.

Anayekuomba pesa ya fomu, ya vipimo, ya "kushikilia nafasi", mwache. Ujumbe wa kitapeli ukija kwa simu, utume kwenda 15040, ndiyo namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti.

Hatua ya nane: barua na CV

Tangazo likiwa la Kiingereza, andika Kiingereza. Likiwa la Kiswahili, andika Kiswahili. Ukurasa mmoja wa barua, mbili za CV. Kila kitu kwenye faili moja la PDF lenye jina lako na jina la nafasi. Nimepokea faili linaitwa "CV mpya ya mwisho kabisa 3". Nilicheka, lakini nilijua pia kwamba huyu kesho atanitumia ripoti ya mfadhili yenye jina hilo hilo.

Barua ianze na kazi. Badala ya "Rejea kichwa cha habari hapo juu, mimi ni kijana mwenye bidii", anza: "Tangazo lenu linahitaji mtu wa kuhamasisha vikundi vya kuweka na kukopa wilayani Hai. Kwa miaka mitatu nimetunza hazina ya kikundi cha wanawake 28." Aya ya pili ijibu sifa mbili tatu zilizopigiwa mstari, kwa mifano. Aya ya tatu iseme kwa nini kazi hii, kwa sentensi mbili za kweli. Basi.

Siku hizi barua zinaandikwa na akili mnemba. Sikatai kuitumia kurekebisha lugha. Lakini kwenye fungu langu zilikuwepo barua tano zenye aya ya kwanza inayofanana neno kwa neno, kutoka kwa watu wasiojuana. Zote tano zilibaki fungu kubwa.

Wadhamini wawe watu waliokuona kazini. Diwani anayekufahamu kwa harusi hawezi kunijibu nikimuuliza kama unawahi. Na waarifu kabla. Niliwahi kumpigia mdhamini akaniuliza, "Huyo ni nani tena?"

Cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, TIN na nakala za vyeti viwe tayari kwenye simu na kwenye bahasha. Usisubiri kuitwa.

Hatua ya tisa: usaili

Mara nyingi kuna mtihani wa kuandika kwanza, kisha mazungumzo. Kama unatoka Moshi kwenda Arusha, usiamini kwamba kilometa 80 ni saa moja na nusu. Coaster itasimama Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, na kila penye mtu mwenye mzigo wa ndizi. Usaili wa saa tatu unataka utoke saa kumi na moja alfajiri, au ulale kwa ndugu.

Kwenye usaili ule wa nafasi yetu tuliuliza swali moja kwa wote kumi na moja: "Umefika kijijini saa tatu kwa mkutano wa kina mama. Mwenyekiti wa kijiji anasema hana taarifa, mkutano haufanyiki. Utafanya nini?"

Sita walisema watampigia meneja. Wawili walisema watamweleza mwenyekiti umuhimu wa mradi. Binti mmoja alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwanza nitamwamkia, shikamoo mwenyekiti. Nitamwomba radhi, kwa sababu kama hana taarifa kosa ni langu, nilipaswa kupita kwa mtendaji siku mbili kabla. Nitampa nakala ya barua ya utambulisho ya halmashauri. Halafu nitamwomba ruhusa niwasalimie tu kina mama waliofika, ili wasirudi shambani bila neno, na yeye mwenyewe anipangie siku nyingine." Mwenzangu aliyekuwa anaandika alama aliweka kalamu chini. Hakuna kitabu kilichomfundisha hilo. Alikuwa mtunza hazina kule Uru. Ndiye yule wa kwenye daftari.

Jiandae na swali la ulinzi wa watoto pia, karibu kila shirika linauliza siku hizi: ungemwona mwenzako akimwita mtoto peke yake ofisini baada ya saa za kazi, ungefanya nini? Jibu wanalolitaka ni kwamba utaripoti kwa mhusika aliyeteuliwa, siku hiyo hiyo, bila kuanza upelelezi wako na bila kuogopa cheo cha mtu.

Wakikuuliza kama una swali, usiseme "hapana, asanteni". Uliza: mradi huu unaisha lini, mfadhili ni mmoja au zaidi, na nafasi hii ilikuwepo kabla au ni mpya. Waajiri wanaojiamini hujibu bila kujikunakuna.

Hatua ya kumi: mkataba

Soma kabla ya kusaini, hata kama wanakutazama. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. NGO nyingi wanatumia mkataba wa muda maalumu. Ukiwa na chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, huwezi kudai kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo miezi hiyo ishi kwa tahadhari na usikope gari. Angalia mshahara ulioandikwa ni msingi au ni jumla pamoja na posho. Hakikisha NSSF imetajwa, na baada ya mwezi wa pili hakiki kama michango inaingia kweli. Ukiondoka, mwajiri anapaswa kukupa cheti cha utumishi. Kidai hata kama mmeachana kwa uchungu.

Ukishasaini, omba nakala yako siku hiyo hiyo. Kisha fungua lile daftari, ukurasa wa kwanza ulioachwa wazi. Andika tarehe ya mwisho wa mradi kwa wino mwekundu. Hesabu miezi sita kurudi nyuma, uandike tarehe nyingine chini yake. Siku hiyo ya pili ikifika, anza tena hatua ya tatu, ukiwa bado unalipwa.